Maswali ya Wasomaji: Hisia na Hiari katika Riwaya za Vijana

Katika toleo lililopita tuliitaja, kwa mistari michache tu, riwaya ya The Giver ya mwandishi Mmarekani Lois Lowry, na barua zilizotufikia baadaye zimetulazimu kuitenga safu nzima ya mwezi huu kwa ajili ya riwaya hiyo na jamaa zake. Kwa ambaye hajaisoma, ilichapishwa mwaka 1993, ikapata Nishani ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka 1994, na inamhusu Jonas, mvulana wa miaka 11 anayeishi katika jumuiya isiyojua njaa, vita wala ukosefu wa kazi, na ambayo pia haijui rangi, vilima, muziki wala mapenzi. Wazee wa jumuiya humpangia kila mtoto kazi yake afikapo miaka 12, humchagulia mtu mzima mwenzi wa ndoa, na huigawia kila nyumba watoto wawili, wa kiume mmoja na wa kike mmoja, waliozaliwa na wanawake ambao kuzaa ndiyo kazi yao. Kumbukumbu zote za zamani, tamu na chungu, zimehifadhiwa ndani ya mzee mmoja tu, na Jonas ndiye anayeteuliwa kuzipokea kutoka kwake. Riwaya za namna hii, zinazochora jamii iliyopotoka huku yenyewe ikijiona imenyooka, wahakiki huziita riwaya za distopia.

Binti yangu wa miaka 13 aliazimwa kitabu hicho na binamu yake. Juzi nilimkuta analia, nikakichukua na kusoma ukurasa aliofikia: baba wa watu anamdunga sindano mtoto mchanga mpaka anakufa, kisha anamtupa kama taka. Je, hiki kweli ni kitabu cha watoto? Nimekificha kabatini na sijui kama nimefanya vyema. — Mama, Tanga

Mama, hofu yako si ya ushamba. Huko Marekani kwenyewe wazazi wamekilalamikia sana kitabu hiki, hata kikaingia katika orodha ya vitabu vilivyopingwa zaidi katika miaka ya 1990 iliyotolewa na Chama cha Maktaba cha Marekani, na tukio hilo la sindano ni miongoni mwa mambo yaliyowaudhi. Lakini ukurasa huo ukisomwa peke yake husema jambo moja, na ukisomwa mahali pake husema jingine.

Baba yake Jonas si katili. Pengine ndiye mtu mpole kuliko wote katika riwaya nzima: kazi yake ni kulea watoto wachanga, na kwa hiari yake ameomba ruhusa ya kumleta nyumbani usiku mtoto Gabriel, anayechelewa kukua, ili apate uangalizi zaidi. Sheria ya jumuiya haikubali pacha wanaofanana, hivyo mwenye uzito mdogo «huachiliwa», na baba humwachilia kwa sauti ileile ya kubembeleza anayoitumia akiwa na wanawe, kisha humuaga kwa upole. Mkono wake unaijua kazi, ila moyo wake hauna cha kumwambia. Mwandishi angeweza kumweka mahali hapo mnyongaji mwenye sura ya kutisha, binti yako angeshtuka kidogo, akafunua ukurasa, akalala. Amemweka baba mwema, na ndiyo maana mtoto amelia.

Nakuomba urudi nyuma kidogo, kwenye sura za mwanzo, ambako kila jioni baada ya chakula familia hukaa na kila mmoja hueleza hisia alizokuwa nazo mchana. Ukisoma haraka utaona ni desturi njema, na huenda ukatamani ungekuwa nayo nyumbani kwako. Lily, mdogo wake Jonas, anasema alikasirika kwa sababu mtoto mgeni hakufuata foleni kwenye uwanja wa michezo. Wazazi wanamhoji taratibu, wanamweleza, na hasira inakwisha kabla vyombo havijaondolewa. Hakuna hisia inayoruhusiwa kulala humo ndani. Baadaye sana, akiwa ameshapokea kumbukumbu za vita, Jonas anatambua kwamba Lily hakuwahi kukasirika hata siku moja, kwamba ile ilikuwa kero ndogo tu ya mtoto, na kwamba nyumbani kwao walikuwa wakitumia majina ya hisia bila hisia zenyewe. Kutoka meza hiyo mpaka sindano ile ni njia moja, na nadhani binti yako ameiona hata kama hawezi bado kuieleza.

Huenda itakusaidia kujua kilichomsukuma mwandishi. Amesimulia kwamba baba yake, uzeeni, alianza kupoteza kumbukumbu na akawa anamsahau binti yake mkubwa, dada yake Lowry, aliyefariki kwa saratani angali kijana. Kila alipoiona picha yake aliuliza habari zake, na kila mara ilibidi aambiwe upya kwamba amekufa. Lowry akajiuliza kama haingekuwa heri mtu asikumbuke kabisa yanayomuumiza. Kitabu ulichokificha kabatini ni jibu la swali hilo, nalo limeandikwa na mtu aliyelionea uchungu.

Kitoe kabatini leo. Usimhutubie. Kaa naye, mwombe akusomee kwa sauti kuanzia pale Jonas anapoomba kuonyeshwa kazi ya baba yake, na umwache akueleze yeye.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nimesoma kitabu hicho na filamu yake ya mwaka 2014 nimeitazama. Wenzangu wote wanasema jumuiya ile ni mbaya. Mimi naona watu wana chakula, kila mtu ana kazi, na hakuna anayedharauliwa kwa umaskini wa kwao. Uhuru wa kuchagua unamsaidia nini mtu mwenye njaa? — Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni la maana, na kulijibu kwa kuimba neno uhuru kungekuwa kukukosea heshima. Jonas mwenyewe alianza na msimamo karibu na wako. Anapofikiria watu wakiachiwa kuchagua wenzi wao au kazi zao anaogopa kwamba watakosea, na anakubali kuwa ni salama zaidi kuwakinga na makosa. Mzee hambishii. Anamwacha aendelee kupokea kumbukumbu.

Sasa angalia wanavyofanya wazee wa jumuiya wenyewe mambo yanapokuwa mazito, kwa maana hapo ndipo penye jibu lako. Wakati fulani raia waliomba kila mwanamke mzazi azae watoto wanne badala ya watatu ili wafanyakazi waongezeke. Kwa hesabu za kawaida pendekezo hilo halikuwa na kasoro. Lakini wazee hawakuthubutu kuamua, wakamwendea mzee mwenye kumbukumbu, na yeye akakumbuka njaa, akaikumbuka kwa tumbo na si kwa takwimu, kisha akawashauri wakatae. Mara nyingine ndege isiyojulikana ilipita juu yao, wakataka kuitungua. Wakamuuliza, naye kwa kukumbuka maangamizi aliyoyaona akawaambia wangoje. Ndege hiyo ilikuwa imepotea njia tu. Kwa hiyo jumuiya haikuishi bila uchungu. Imeutwika wote mtu mmoja, imemfungia chumba chake, na huenda kumwazima akili kila inapokwama, kwa kuwa anayeweza kuchagua sawasawa ni yule anayejua linavyouma kosa. Njaa waliyoepushwa wote inakaa tumboni mwa mzee huyo, na chakula chako unachokisifu kinalindwa na yeye.

Kumbuka pia habari ya Rosemary, binti aliyeteuliwa miaka kumi kabla ya Jonas. Alivumilia majuma matano, kisha akaomba mwenyewe kuachiliwa, na kumbukumbu zake chache zikawarudia watu mitaani. Hawakujua la kufanya. Ilikuwa hofu na vurugu tupu kwa sababu hakuna aliyewahi kufunzwa kuhuzunika, na mtu mzima asiyejua kuhuzunika ni sawa na mtu mzima anayetupwa baharini bila kujua kuogelea.

Hata hivyo sitakunyima ushindi wako, kwa sababu kuna mahali umemshika mwandishi. Riwaya inatuonyesha vizuri alichokosa Jonas, lakini haituonyeshi jamii nyingine ambayo watu wako huru na pia wameshiba. Waandishi wengi wa riwaya hizi wanatoka katika nchi za shibe, nao huandika juu ya hiari kana kwamba suala la chakula limekwisha. Ukitaka aliyelitazama suala la njaa moja kwa moja, tafuta The Hunger Games ya Suzanne Collins, iliyotoka mwaka 2008. Humo watoto wa maskini huruhusiwa kuongeza majina yao katika bahati nasibu ya kifo, inayochagua watoto wa kupigana hadi kufa mbele ya kamera, ili familia zipewe nafaka na mafuta, na Katniss, mhusika mkuu mwenye miaka 16, jina lake limo mara 20. Serikali ya humo haiondoi hisia za watu hata kidogo. Huzifanyia biashara kwenye televisheni. Katniss analazimika kuigiza mapenzi mbele ya kamera ili aokoke, mpaka yeye mwenyewe hajui tena lipi la kweli na lipi la kuuza. Anapomfunika kwa maua Rue, mtoto wa wilaya nyingine aliyeuawa mchezoni, kilio hicho hakikuandikwa na mtayarishaji wa kipindi, na watawala hawautaki mwili ule uonekane ulivyo. Kumlilia mfu kwa heshima kumekuwa uasi. Soma vitabu viwili hivi kwa kufuatana, halafu uniandikie tena.

Mimi hufundisha fasihi ya Kiswahili. Je, tunahitaji vitabu hivi vya Wamarekani ilhali tunayo Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, ambayo nayo inachora nchi ya kubuni inayowatesa watu wake? — Mwalimu, Mombasa

Mwalimu, sioni sababu ya kufukuza kimoja ili kingine kikae. Ni kweli kwamba Kusadikika ilitangulia, na wajumbe wake sita waliotumwa kutafuta mema pande sita za ulimwengu, wakarudi na heri mikononi na kuishia kifungoni, wanaweza kusomwa na kijana yeyote anayevutiwa na distopia. Lakini tofauti ni kubwa, nayo ndiyo ningeifundisha. Dhuluma ya Kusadikika inaonekana kwa macho. Ina waziri, ina mahakama, ina minyororo, na Karama, mshtakiwa wa riwaya hiyo, anaposimama kizimbani wasikilizaji wake wanaelewa kila neno kwa sababu dhiki anayoieleza ni yao. Jonas hana wa kumhutubia. Angesimama katikati ya uwanja akapaza sauti, watu wangemtazama kwa adabu na kumwomba radhi kwa kutomwelewa, kwani aliyenyang'anywa hisia hana hata la kulalamikia. Shaaban Robert aliandika juu ya watu waliofungwa midomo. Lowry ameandika juu ya watu wenye midomo iliyo wazi na mioyo iliyofungwa. Mwanafunzi anayeziweka riwaya hizo pamoja atajifunza kutofautisha utawala unaoogopa maneno na utawala uliokwisha kuyamaliza maneno.

Nilinunua riwaya mbili za aina hii nikakuta ni za mapenzi tu, msichana mmoja na wavulana wawili. Je, zote ziko hivyo? — Msomaji, Nakuru

Si zote, lakini una haki ya kuchoka. Baada ya mwaka 2008 soko lilifurika. Katika Delirium ya Lauren Oliver, ya mwaka 2011, mapenzi yametangazwa kuwa maradhi na kila mtu hufanyiwa upasuaji wa kuyatibu afikapo miaka 18. Katika Matched ya Ally Condie, ya mwaka 2010, serikali ndiyo inayochagua wachumba, na katika mashairi yote ya kale imebakiza 100 tu. Hilo la mashairi mia moja ni wazo lenye uzito, nami ningependa mwandishi angekaa nalo zaidi. Udhaifu wa nyingi kati ya riwaya hizi ni kudhani kwamba hisia maana yake ni mahaba ya vijana peke yake. Jonas, alipopewa kumbukumbu ya mapenzi kwa mara ya kwanza, hakuonyeshwa msichana. Alionyeshwa chumba chenye moto na mishumaa, watoto wakifungua zawadi, na wazee wawili wameketi pembeni, akashangaa kwamba wazazi huweza kuwa na wazazi wao.

Kwa ajili ya tasnifu yangu ninajaribu kufasiri sura kadhaa za The Giver kwa Kiswahili. Nimekwama kwenye maneno matatu: jina la kitabu lenyewe, neno la kupenda, na lile neno la kuachiliwa. Unanishauri nini? — Mwanafunzi wa chuo kikuu, Zanzibar

Dada, umenigusa panapowasha. Nianze na jina. «Mtoaji» ni sahihi lakini limekauka, linanukia risiti na stakabadhi. «Mpaji» lina uzito wake, na wasiwasi wako nadhani ni kwamba Mpaji kwetu ni Mungu. Mimi ningeliacha neno hilo na wasiwasi wake. Yule mzee alikuwa Mpokezi kwa muda wote wa utumishi wake, na jina la kutoa analipata pale tu anapoanza kumgawia mtoto vitu ambavyo hakuna mwanadamu mwingine anavyo. Kivuli kidogo cha utakatifu hakitamharibia msomaji.

Katika neno la kupenda una bahati ambayo msomaji wa Kiingereza hana kwa kiasi hicho. Jonas anawauliza wazazi wake kama wanampenda, baba anacheka kidogo, na mama anamwambia neno hilo ni la jumla mno, karibu halina maana tena, afadhali aulize kama wanafurahi kuwa naye au, baba anaongeza, kama wanajivunia mafanikio yake. Sasa sisi tunapenda wali, tunapenda mpira, tunapenda mvua ya alasiri na tunapenda watoto wetu, yote kwa kitenzi kimoja. Mama huyo angezungumza Kiswahili hoja yake ingekuwa na nguvu maradufu. Utashawishika kumwokoa Jonas kwa kumpa neno zito zaidi, huba au mahaba. Usifanye hivyo. Mwache aulize «Mnanipenda?», neno lile lile la wali na mpira, ili msomaji mwenyewe aone kwamba upana wa neno haukuwahi kutuzuia kuelewana, na kwamba usahihi anaoudai mama ni mlango uliofungwa kwa adabu. Jonas anajibu kuwa ameelewa. Huo ndio uwongo wake wa kwanza kwa wazazi wake, na sentensi hiyo iwe fupi kadiri uwezavyo.

Kuhusu la tatu, hapo juu nimeandika «kuachiliwa» kwa kuwa ndilo lililo karibu. Ningekuwa mfasiri, ningejaribu «kuruhusiwa». Hospitalini tunasema mgonjwa ameruhusiwa, na jamaa hushukuru na kwenda kumpokea. Katika jumuiya ile mtu anaweza kuomba mwenyewe jambo hilo, kama Rosemary alivyofanya, na kuomba ruhusa ni lugha yetu ya kila siku. Msomaji atalipita neno mara tano au sita bila kulishuku, kama Jonas anavyolipita, mpaka siku ya sindano. Usiogope kwamba Kiswahili kimejaa tafsida za kifo. Ametutoka, ameaga dunia, amelala: haya yote husemwa na mtu aliyeumia, ili aweze kulitamka lisilotamkika. Tafsida ya jumuiya ya Jonas husemwa na mtu ambaye haumii popote, na ukiliweka neno lako katika kinywa cha aina hiyo utaona jinsi linavyogeuka kuwa baridi lenyewe.

Jambo dogo ambalo hukuliuliza. Rangi ya kwanza ambayo Jonas anaiona ni nyekundu, kwenye tofaa na kisha kwenye nywele za rafiki yake Fiona. Rangi zetu nyingi zimepewa majina ya vitu, kijani kwa majani na kahawia kwa kahawa, na ni chache sana, -ekundu, -eusi na -eupe, zinazofuata ngeli ya nomino. Katika sura hizo ficha rangi zote mapema, hata zile zilizojificha ndani ya majina ya vitu, na upatanisho wa -ekundu utakapojitokeza kwa mara ya kwanza utakuwa umemfanyia msomaji kazi ambayo filamu ilibidi iifanye kwa kuanza bila rangi.

Je, mwishoni Jonas na Gabriel wanakufa kwenye theluji au wanafika? Tumebishana nyumbani wiki nzima. — Familia, Kigoma

Kwa ambaye hajaisoma, mwishoni Jonas anatoroka jumuiya akiwa na mtoto Gabriel. Mwaka 1993 mwandishi aliacha hatima yao bila jibu, na wasomaji walibishana kwa miaka. Baadaye aliandika vitabu vitatu vingine, Gathering Blue mwaka 2000, Messenger mwaka 2004 na Son mwaka 2012, na humo jibu lipo. Anayetaka kubaki na ubishi aishie hapa.

Wanafika. Katika Son Gabriel ni mvulana mkubwa, na Jonas ni mtu mzima mwenye mke na watoto.